Simu ya Nyumba

Jogoo aliwika gizani. Aliwika mara moja, akanyamaza kama anayevuta pumzi, kisha akawika tena kwa nguvu zaidi mahali fulani nyuma ya ukumbi, na kwa kitambo hakuna aliyejua kama acheke au atafute mlango. Jenereta ilikuwa imezimika ghafla. Madirisha tulikuwa tumeyafunga kwa mbao zake ili picha za projekta zionekane vizuri, kwa hiyo mwanga wa projekta ulipokufa ukumbi wote ulikufa nao: kuta, meza, nyuso, hata mikono yangu niliyokuwa nimeinyosha mbele nikieleza jambo. Kilichobaki ni joto, harufu ya mafuta, na yule jogoo.

"Camarade, kuku yako inaomba sufuria!" sauti moja ilisema upande wa kushoto.

"Umuache, iko anaita watu kwa misa."

"Mwenye kuku atuambie, leo tunaikula na lituma ya ndizi ao na wali?"

Kicheko kilipasuka na kuzunguka kuta. Ndani ya kicheko hicho nilisikia sauti ya msichana, ya chini na ya haraka, kama ya mtu anayewahi kufunika chungu kinachofurika.

"Allô? Hapana, mama hayuko hapa. Iko sokoni. Ndiyo, papa. Mashua imefika? Bon, nitamutafuta sasa hivi. Usiwape watu wengine samaki, papa, mungoje."

Mtu mmoja alisukuma ubao wa dirisha, mwanga wa asubuhi ukaingia kwa mshazari, na hapo ndipo nilipomwona mwenye jogoo. Alikuwa amesimama safu ya mwisho, mabega juu, simu iliyokuwa ikiwika sasa iko sikioni, mkono wa pili umefunika mdomo. Alinitazama mimi, si wale waliokuwa wakimcheka. Aliomba ruhusa kwa macho, na kabla sijaitoa alikuwa ameshapenya kati ya meza na kutoka.

Mlango wa ukumbi ule ulikuwa umevimba kwa mvua. Ili ufunge, ilikupasa uuinue kidogo kwa mguu huku ukivuta kitasa, na hakuna mwanafunzi aliyejisumbua. Ulibaki wazi nyuma yake. Profesa, aliyekuwa ameketi pembeni mwa ubao, alisema neno alilolisema kila siku, bila kupandisha sauti.

"Mlango."

Hakuna aliyeinuka. Kupitia uwazi ule nilimwona msichana barazani akizungumza tena kwa simu, safari hii akipunga mkono kana kwamba anayeongea naye yuko mbele yake. Alikuwa akimpigia mama mmoja mwenye meza jirani na ya mama yake, ili ujumbe ufike. Kisha alirudi, akaketi, akaitia simu katika mfuko wake wa kitambaa na kuukumbatia mfuko mapajani.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza ya somo la kutengeneza programu za simu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kulitambulisha kwa wanafunzi, ingawa sijawahi kutengeneza programu hata moja maishani mwangu. Mwaka huo nilikuwa nimemaliza riwaya ambayo ilikuwa imesomwa na marafiki wa kikundi chetu cha waandishi tu, wale tuliokuwa tukikutana Jumapili alasiri kusomeana na kugombana. Profesa alikuwa jirani yangu katika mtaa wa Kabondo. Alizaliwa Maniema, alikuwa mrefu, na kofia yake ya kufumwa aliivua kila alipoingia darasani na kuiweka juu ya kompyuta, kama anayeikinga isipate baridi. Jioni moja aliniita uani kwake.

"Wewe unajua kuwapeleka watu mahali wasipowahi kufika," aliniambia. "Mimi nikianza, ninaanza na mabano na alama, na nusu yao wanakimbia kabla ya mapumziko. Uwaambie kwanza somo hili ni nini. Uwaambie kwa Kiswahili. Kifaransa kitakuja wiki inayofuata, pamoja na hofu."

Wenzangu wa kikundi walipopata habari walinicheka kwa moyo wote. Mmoja alisema nimeiuza kalamu kwa watu wa betri. Mwingine alitaka kujua kama sasa wahusika wangu watakufa chaji yao ikiisha. Nilikwenda hata hivyo, kila asubuhi, kwa baiskeli yangu, nikipishana barabarani na matoleka, zile baiskeli za kukodiwa, yaliyobeba abiria nyuma, wanafunzi kwa sehemu kubwa, wameketi upande, daftari limefunika magoti ili tope lisiruke juu ya suruali zilizopigwa pasi.

Niliwaambia kwamba programu ya simu ni chumba kidogo. Mtu huingia humo kwa haraka, mara nyingi akiwa amesimama, mkono mmoja ukiwa umeshika kitu kingine: mtoto, kikapu, usukani wa pikipiki. Anakaa kitambo kidogo, anachukua alichokifuata, anatoka. Anayekijenga chumba lazima ajue mgeni anatafuta nini kabla mgeni hajauliza, na asimsimamishe mlangoni, kwa maana akisimamishwa ataondoka na hatarudi. Niliwaambia kwamba mwaka huo wangejifunza kupanga vyumba kama hivyo, kimoja kikifungukia kingine, na kuhifadhi ndani yake vitu ambavyo mgeni angevikuta siku ya pili pale pale alipoviacha.

Profesa alisimama baada yangu. Yeye hakuwa na vyumba wala wageni.

"Mtandao ukipotea, programu yako isife," alisema. "Na mtandao utapotea. Betri ya mtu ikikaribia kwisha, programu yako isimalizie iliyobaki. Mambo mengine yote tutayafuata kwenye syllabus."

Kisha akatoa sharti lake. Kila mwanafunzi aweke juu ya meza simu atakayoitumia mwaka mzima. Kazi zote zingeandikwa kwenye kompyuta za chuo, umeme ukiwapo, lakini zingeingizwa, kujaribiwa na kusahihishwa ndani ya simu ya mwanafunzi mwenyewe. Sharti lilikuwa na sababu yake. Mwaka uliotangulia ndugu wawili walitumia simu moja, na siku ya mtihani mmoja alifuta kazi ya mwenzake akidhani anafuta picha za arusi. Profesa hakutaka kuamua kesi nyingine ya namna hiyo.

Alipita safu kwa safu akizitazama. Simu zilikuwa za kila aina, nyingine na kioo kilichopasuka kama ganda la yai. Alipofika safu ya mwisho alisimama. Simu ya msichana ilikuwa imefungwa kwa mpira mgongoni ili betri isitoke, na ilinuka moshi wa samaki. Nilikuwa hatua chache nyuma yake na harufu ilinifikia.

"Hii ni ya nani?"

"Ya nyumba, Prof."

"Nyumba haina kidole. Nani anaifungua?"

"Sisi wote."

Walicheka tena. Mmoja aliwika, kokolikoo, na profesa akageuka taratibu mpaka kuwika kukakoma kwenyewe.

"Asubuhi iko wapi simu hii, siku ambazo huji chuo?"

"Na mama. Mashua za Opala zinafika asubuhi. Wanamwita aende kupokea samaki."

"Basi siku nyingine iko sokoni, mbali na kazi yako. Binti yangu, siwezi kusahihisha kitu kinachoenda sokoni." Alisema hivyo bila ukali. "Orodha ya somo ninaifunga Ijumaa. Uje na simu iliyo yako. Ukikosa, nitakupeleka katika somo la kazi za ofisi, nalo si baya."

Somo la kazi za ofisi lilifundishwa katika chumba cha mwisho wa jengo, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba lina nafasi.

Baada ya kipindi nilimkuta msichana chini ya paa la baraza akingoja mvua ipungue. Sikumuuliza kitu. Alianza mwenyewe, akitazama maji yanavyomwagika kutoka kwenye bati. Alizaliwa katika familia za wavuvi wa maporomoko. Baba yake na wajomba waliingia majini kati ya nguzo za mbao zilizosimikwa kwenye mkondo, kutega mitego na kutoa samaki, mama yake alikausha na kuuza, na samaki wa maporomoko walipopungua, mama alinunua wale wanaoletwa na mashua kutoka Opala. Mama yake alizijua tarakimu lakini hakuzijua herufi. Siku simu ilipoingia nyumbani, kila ilipolia ilibidi mtoto aitwe asome jina. Basi msichana akaondoa majina na kuweka picha: mtumbwi kwa papa wa Opala, mwenye mashua, sufuria kwa jirani wa sokoni, msalaba kwa katekista. Mlio wa jogoo pia ulikuwa wazo lake, maana mlio mwingine wowote ulizama katika kelele za soko.

"Siku niliona mama anajibu simu bila kuniita," alisema, "nikajiambia, kumbe hii kitu mutu anaweza kuipanga. Tangu siku ile sikutaka kusoma kitu kingine, Assistant."

Mimi sikuwa assistant wa mtu yeyote, lakini wote waliniita hivyo.

"Na nyumbani wanasemaje?"

"Nyumbani wanajua nasoma informatique. Hawajui iko na simu ndani."

Simu ya pili haikuwa jambo la kuzungumzwa kwao mwaka ule. Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa, akaweka daftari kichwani na kuingia mvuani.

Siku ya pili hapakuwa na mafuta ya jenereta. Profesa alinitazama, nami nikatoa maboksi niliyokuwa nimeyaomba dukani, ya sabuni na ya dawa. Tulikata karata za ukubwa wa simu. Kila mwanafunzi alichora juu yake vioo vya programu yake, kioo kimoja kwa karata moja, vitufe, picha, maneno. Kisha wakakaa wawili wawili: mmoja mtumiaji, mwingine mashine. Mtumiaji anagusa kitufe kwa kidole, mashine inaondoa karata na kuweka nyingine. Mashine hairuhusiwi kusema. Mashine haicheki. Mtumiaji akigusa mahali pasipo na kitu, mashine haifanyi kitu.

Wengi walishindwa kuwa mashine. Walieleza, walitetea, walisaidia, "gusa hapo juu, hapana, juu kabisa." Msichana wa jogoo aliweza. Uso wake uliondoka usoni, sijui niseme vipi tena, na mikono yake ikabaki peke yake juu ya meza ikibadilisha karata kwa mwendo uleule. Mtumiaji wake alikuwa kijana mmoja mcheshi, yule wa lituma na wali, aliyegusa kila kona makusudi.

"Assistant, mashine yake imekufa!"

Mashine ilitazama dari.

"Haijafa," rafiki yake alimjibu kutoka meza ya nyuma. "Umegusa ukuta wa mutu."

"Bon, nagusa samaki."

Karata ikaondoka, nyingine ikaja.

"Eh! Inaishi!"

Karata yake ya kwanza, ile anayoikuta mtumiaji akifungua tu programu, ilikuwa tofauti na za wengine. Karibu darasa zima walikuwa wamechora mahali pa kuandika jina na mahali pa neno la siri, kwa sababu ndivyo walivyozoea kuona. Yeye alikuwa ameandika juu kabisa: Nani ameshika simu sasa? Chini yake alichora sufuria, mpira wa miguu na kitabu. Ukigusa sufuria, unakuta mashua na bei. Ukigusa mpira, unakuta mambo ya kaka. Ukigusa kitabu, unakuta masomo.

Profesa aliichukua akaishika mbali na macho yake, kisha karibu.

"Hii ni makosa. Programu haimuulizi mtu hivyo. Simu ina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana."

"Kwetu simu iko na zamu, Prof."

"Zamu iko kwenye bomba ya maji!" kijana mcheshi alisema, na darasa likamuunga mkono kwa vicheko.

Profesa aliandika pembeni kwa wino mwekundu: Rudia. Hakuandika kwa ubaya. Tulipokuwa tukifunga vifaa aliniambia kwamba kuwatenganisha watu wengi ndani ya simu moja ni kazi ya mwaka wa tatu, ina mambo ya siri za watu na ya hatari, na anayeanza hana budi kwanza kumjengea mtu mmoja chumba kisichoanguka. Nilimwona yuko sahihi. Msichana hakurudia karata. Aliiweka pamoja na nyingine na kuzifunga kwa uzi.

Lakini kuwika hakukuisha. Akipita barazani, mtu alijifanya jogoo. Akiinua mkono darasani, mtu alijifanya jogoo kwa sauti ndogo, ya puani. Haikuwa chuki. Ilikuwa mchezo wa wiki ya kwanza, na kila wiki ya kwanza inatafuta wa kumchezea. Alhamisi, kabla ya kuingia, alisimama kando ya mlango, akaitoa simu, akaifinya ubavuni mpaka ikawa bubu, akairudisha mfukoni. Asubuhi ile ilipita kimya. Alijibu maswali ya profesa vizuri, mara mbili alicheka pamoja na wengine, na kwa mara ya kwanza hakuukumbatia mfuko.

Ijumaa jenereta ilikuwa na mafuta. Profesa alikuwa ameshaonyesha jinsi kitufe kinavyoandikwa, na orodha ilikuwa mbele yangu juu ya meza, ikingoja afike mwisho wa maelezo ili niwaite. Mlango ulikwaruza sakafu. Harufu ya moshi iliingia kwanza, halafu mama mmoja mfupi, blauzi na vikwembe viwili vya kitenge, beseni lililofunikwa kitambaa juu ya kichwa.

"Bonjour kwenu wote."

"Bonjour, mama!" darasa liliitikia kwa pamoja, kama watoto wa shule ya msingi.

"Nani iko mukubwa hapa?"

Vidole vilimwelekea profesa, isipokuwa kimoja cha mzaha kilichonielekea mimi.

"Papa Professeur, unisamehe. Sikuje kugombana. Nilikuja kukamata simu yangu."

"Karibu, mama. Tuko katika somo."

"Na miye nilikuwa katika soko, papa. Jana mashua ya Opala ilifika. Waliniita, waliniita, simu kimya kama maiti. Samaki yote ilikwenda kwa mama ule wa ng'ambo ya njia. Leo amekaa kwa meza yake ananichekea na meno yote."

Wanafunzi walicheka. Aligeuka nusu, kwa uangalifu, kwa ajili ya beseni.

"Muchekee, muchekee. Kesho mutakula samaki ya nani?" Kisha macho yake yakapanda safu hadi safu mpaka yakamkuta. "Na weye! Nani alikufundisha kumufunga jogoo mudomo?"

Msichana alikuwa amesimama tayari.

"Walikuwa wananicheka, mama."

"Wakucheke! Miye wananicheka sokoni tangu hujazaliwa, na bado ninauza. Leta simu."

Alishuka taratibu, mfuko mkononi. Kijana mcheshi alivuta miguu yake ili ampishe. Profesa aliagiza ubao wa dirisha usukumwe na jenereta izimwe isiimbe bure, na sauti yake ikasikika vizuri katika ukumbi.

"Mama, mimi sina ugomvi na samaki wako. Nikwambie jambo lilivyo. Somo hili linafanyika ndani ya simu. Kila mmoja hapa ana yake. Binti yako akikosa ya kwake, leo ninafunga orodha na ninampeleka kwingine."

"Kwingine wapi?"

"Kazi za ofisi."

"Na hapa munafanya nini?"

"Hapa tunatengeneza vitu vinavyokaa ndani ya simu."

Mama alimtazama mtoto wake.

"Ndio ile ya picha? Mtumbwi, sufuria?"

"Ndio ile, mama. Lakini kubwa zaidi."

"Ulijifunza wapi ile, kabla ya hapa?"

"Hakuna mutu alinifundisha."

Mama aliliteremsha beseni na kuliweka juu ya meza ya mbele, na mwenye meza akawahi kuziokoa karata zake. Akaipokea simu. Aliifungua kwa kidole gumba, akaona mtumbwi na alama ya simu zilizokosa kujibiwa, akaifunga. Aliigeuza, akaukaza ule mpira wa mgongoni ambao haukuwa umelegea. Nje toleka iliyomleta ilikuwa ikipiga kengele ya kumwita, hakuisikiliza.

"Samaki ya jana imekwenda," alisema, si kwa mtu yeyote. Halafu akainua kichwa. "Hapa nani iko na masikio?"

Wa safu za nyuma walisimama ili wamwone.

"Munisikie wote. Na weye, Papa Professeur. Na weye wa dirisha, usiangalie chini, ninakuona. Hii simu nilinunua miye, na moshi yangu. Leo, mbele yenu, ninamupa mutoto wangu. Iko yake. Kuanzia leo miye ndiye ninaazima. Nikiomba, atanipa, akikataa, mutakuwa mashahidi. Mumesikia?"

"Tumesikia, mama."

"Papa Professeur hajajibu."

"Nimesikia, mama," profesa alisema.

Mama aliinyosha simu, lakini msichana alipoishika hakuiachia. Waliishika wote wawili.

"Nipe kitu."

"Kitu gani, mama?"

"Chochote. Sisi sokoni kitu hakitoke mukononi bule mbele ya watu. Kesho utasema niliitupa ukaokota."

Msichana alitazama meza ya profesa, akanitazama mimi, akatazama mikono yake. Kisha akaingiza mkono katika mfuko na kutoa karata zilizofungwa kwa uzi. Akazitoa kama zilivyo, ile ya juu ikiwa na wino mwekundu pembeni. Mama alizigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Aliitambua sufuria, niliona kidole chake kikisimama juu yake.

"Inaita?"

"Hapana, mama. Iko karatasi."

"Basi haitaniletea matata."

Akaiachia simu. Zile karata akazifunga katika pindo la kikwembe, mahali ambapo wanawake wa soko hufunga vitu wasivyotaka vipotee, na kukaza fundo kwa meno.

Profesa aliinua kofia yake kutoka juu ya kompyuta, akaitazama, akairudisha palepale.

"Simu hii ni ya nani?" alimuuliza msichana, kama siku ile ya kwanza.

"Ni yangu, Prof."

"Mwandike," aliniambia, nami nikamwandika.

"Lakini, mama," profesa aliendelea, "kuna jambo la jogoo. Humu ndani jogoo azimwe."

Mama alikuwa ameshainama kuchukua beseni. Kijana mcheshi alitoka kwenye kiti na kumsaidia kulipandisha, akajikuta ananuka moshi mpaka viwikoni.

"Papa, jogoo iko yake sasa," mama alisema. "Uongee na mwenyewe."

Msichana alikuwa bado amesimama mbele, simu katika viganja vyote viwili.

"Na mashua, mama?"

"Ukikuta wameita, utaniambia mukitoka. Usipokuta, nitakwenda kungoja kwa port, kama zamani. Macho ningali nayo." Alianza kutembea, shingo imenyooka, mkono mmoja ukigusa ukingo wa beseni bila kuushika. "Leo munatoka saa ngapi?"

"Saa sita, mama."

"Bon. Usikawie. Na ukirudi, nitaiomba kidogo, nimuite papa wa Opala nimugombeze."

Alipita kizingiti. Toleka ilipiga kengele tena, na mama akaijibu kwa neno la Kilingala ambalo safu ya mbele ililisikia na kulifurahia. Wote tulikuwa tukiutazama mlango, uliosimama wazi kama kawaida yake, na profesa alikuwa ameshafungua kinywa. Mama aligeuka. Bila kuinamisha kichwa, bila kuligusa beseni, aliutia mguu chini ya ubao, akauinua kidogo, akavuta kitasa, na mlango ukafunga.